Mashudu yapi ununue kwa ng'ombe wa maziwa, na methionini ununue lini

Bei ya gunia la mashudu (mabaki ya mbegu zilizokamuliwa mafuta) inadanganya. Gawanya bei ya kilo kwa kiwango cha protini ndipo ulinganishe: mashudu ya alizeti yenye protini asilimia 28 yanahitaji kilo 1.6 ili kufikia kilo moja ya soya yenye asilimia 45. Kisha tazama asidi amino (viungo vinavyojenga protini) mbili ambazo mara nyingi ndizo huwa pungufu kwa ng'ombe wa maziwa: laisini na methionini.

1. Mashudu ya soya. Haya ndiyo chaguo la kwanza. Laisini ni nyingi, methionini ni haba. Hakikisha yamepitia moto. Soya mbichi usiichanganye na urea (kemikali ya nitrojeni inayoongezwa kwenye chakula cha ng'ombe) kamwe, kwani kimeng'enya chake huigeuza urea kuwa amonia kwa kasi na ng'ombe anaweza kufa.

2. Mashudu ya alizeti. Yana methionini nzuri na laisini kidogo, kwa hiyo yakichanganywa na soya yanaziba pengo. Tatizo ni maganda. Chota kiganja, kitandaze kwenye karatasi nyeupe: maganda yakitawala, unalipia nyuzinyuzi.

3. Mashudu ya pamba. Yana laisini kidogo, na gosipoli yake ni sumu kwa ndama. Yakinuka ukungu yaache hata yakipunguzwa bei. Aflatoksini, yaani sumu ya ukungu, aliyokula ng'ombe hutokea kwenye maziwa, na kuyachemsha hakuiondoi.

4. Unga wa samaki. Kwa asidi amino hauna mpinzani, ila huchakachuliwa sana. Koroga kijiko kimoja kwenye glasi ya maji. Mchanga utazama chini. Ukizidisha, mafuta ya maziwa hushuka. Baadhi ya nchi zimepiga marufuku kuwalisha wanyama wanaocheua unga huu, kwa hiyo uliza kwanza.

Methionini ya kopo iwe ya mwisho kununuliwa. Ile ya kuku haifai: sehemu kubwa huvunjwa na vijidudu vya tumbo la kwanza kabla ya kufika utumbo mdogo. Tafuta iliyofunikwa maalumu kwa wanyama wanaocheua, na usiisage wala kuipitisha kwenye mashine ya kutengeneza vidonge vya chakula, maana ganda lake litapasuka. Lengo ni takribani laisini 3 kwa methionini 1 katika protini inayofika utumboni. Kinachopanda kwanza ni protini ya maziwa, wakati mwingine lita hazibadiliki. Mnunuzi wako akilipa kwa lita tu, fedha hiyo iweke kwenye malisho mabichi yaliyokatwa mapema na maji ya kutosha.