Manukato ghali ya limau na danzi: yapi yanafaa kununuliwa Lamu wakati wa kaskazi

Kaskazi ikishaingia Lamu, kuanzia Desemba hadi Machi, udi mzito huanza kuelemea mchana. Upepo haufiki ndani ya vichochoro, jasho halikauki, na mtu hutamani kitu chepesi: limau, chenza, ndimu iliyokatwa sasa hivi. Hapo ndipo wengi wetu huanza kuzitazama zile chupa za Ulaya ambazo bei yake inatosha kodi ya nyumba. Naandika kwa sababu nilinunua moja kabla ya kujua ninalipia nini.

Niliinunua safarini, dukani uwanja wa ndege. Nilinusa karatasi, nikapenda, nikalipa. Siku ya kwanza nyumbani nilijipulizia saa tano asubuhi Mkomani, nikafuata Usita wa Mui hadi kwa khalati yangu Langoni. Nilipofika nikamnyooshea mkono anuse. Akanusa, akarudia, kisha akaniuliza, "Mwanangu, umepaka nini?" Palikuwa hapana kitu. Chupa ilikuwa halali na muuzaji hakunidanganya. Mimi ndiye niliyekuwa sijui tabia ya chungwa.

Maganda ya machungwa na malimau yamejaa limonini, chembechembe ndogo na nyepesi zinazoruka upesi. Ndiyo maana ukimenya chungwa chumba kizima hujua, na muda mfupi baadaye hakuna anayesikia kitu. Joto huzidi kuzisukuma. Manukato ya jamii hii, ya bei ya chini na ya juu, hupoteza mng'ao wa mwanzo ndani ya nusu saa au saa moja hivi, na huo si ubovu. Unacholipia hasa ni kile kinachobaki limau likishaondoka: mizizi, mbao, maua, kuvumwani. Maandishi ya eau de parfum kwenye boksi hayabadilishi jambo hili. Yanaonyesha kuwa mafuta ya harufu ni mengi zaidi, lakini limau lenyewe litaruka vilevile.

Kwa hiyo usihukumu kwa karatasi, tena ndani ya duka lenye kiyoyozi. Pulizia ngozi, upande wa ndani wa mkono, kisha toka nje ukaendelee na shughuli zako. Nusa baada ya dakika kumi, baada ya saa moja, na baada ya saa tatu. Mimi hujipulizia baada ya sala ya adhuhuri na kunusa tena alasiri, na nikiipenda ile ya alasiri ndipo naanza kuuliza bei. Usijaribu zaidi ya mawili kwa siku moja, maana pua huchoka na kuanza kusema uongo.

Bei yenyewe ihesabu kwa siku. Mpulizo mmoja ni kama sehemu ya kumi ya mililita, kwa hiyo chupa ya mililita 50 ina mipulizo kama 500. Tuseme inauzwa shilingi 30,000: kila mpulizo ni shilingi 60. Manukato yanayokimbia yatataka mipulizo sita asubuhi na sita alasiri, yaani shilingi 720 kwa siku, na chupa haifiki siku 42. Yanayoshika yataridhika na mipulizo minne, shilingi 240, na chupa itavuka miezi minne. Hesabu hii ndiyo iliyonipangia orodha yangu, pamoja na pua.

Nafasi ya kwanza naipa Eau Sauvage ya Dior. Ilitoka mwaka 1966, kazi ya mtunzi wa manukato Edmond Roudnitska. Mwanzo ni limau kali na majani yanayonukia, lakini siri yake iko katikati: alitumia hedioni, kiungo kilichopatikana katika kuchunguza harufu ya asmini. Si asmini nzito ya kikuba cha bibi harusi. Ni ile hewa inayokupitia magharibi unapokatiza mlangoni pa watu wanaotunga maua. Aliyekulia Lamu ataitambua kabla hajaambiwa. Limau likienda, asmini hiyo inaushika ule wepesi, kwa hiyo hutajihisi umeachwa ghafla. Haidumu kama udi, lakini alasiri bado naipata shingoni. Inauzwa kama ya wanaume. Dada zangu wanaitumia na inawakaa vizuri.

Ya pili si ghali hata kidogo, na hapa najua nitapingwa. Ni 4711, maji yale ya Köln, Ujerumani, mji ulioyapa manukato mepesi ya cologne jina lake tangu ukoo wa Farina ulipoanzisha biashara yake huko mwaka 1709. Peke yake yanaisha upesi sana. Lakini sisi tuna kitu ambacho wanunuzi wa Ulaya hawana: chetezo. Fukiza kanzu au kanga kwa udi kidogo usiku, iache ipumue hadi asubuhi, halafu jipulizie 4711 mwilini. Udi unakuwa ule msingi ambao kampuni kubwa zinakutoza pesa nyingi kuutia ndani ya chupa. Nimejaribu kaskazi mbili mfululizo, na kwa matumizi ya kila siku sijaona chupa ghali inayoishinda njia hii.

Terre d'Hermès ya mwaka 2006, ya Jean-Claude Ellena, ndiyo inayodumu kuliko zote hapa: chungwa na balungi juu, chini pilipili manga, mbao za mwerezi, na vetiva, mizizi ya nyasi yenye harufu ya udongo mkavu. Nimeiweka ya tatu kwa sababu jua la saa saba linaifanya iwe kavu mno kwangu. Kwa jioni, au kwa safari ya boti asubuhi, ni nzuri sana. Colonia ya Acqua di Parma, iliyoanza mwaka 1916, naipa nafasi ya nne: safi, ya heshima, inafaa kanzu nyeupe ya Ijumaa, lakini inakimbia.

Mwisho ni Neroli Portofino ya Tom Ford, na inaniuma kuiweka hapa maana mwanzo wake ni mzuri kuliko zote. Neroli ni mafuta ya maua ya mdanzi. Inahitajika kama tani moja ya maua kupata kilo moja ya mafuta, ndiyo maana neroli halisi si rahisi popote. Ukijipulizia ni kama umesimama chini ya mti wenyewe baada ya mvua. Ila kwa joto letu inaondoka mapema, na bei yake ni kubwa kuliko zote nilizozitaja. Ikiwa moyo umeganda hapo, tafuta kichupa kidogo cha kupimiwa, ukitumie siku za harusi.

Asiyetumia manukato ya spiriti aende kwa wauzaji wa atari. Limau ndani ya mafuta halichangamki vile na hukaa karibu na ngozi, lakini likichanganywa na msandali linapendeza.

Mambo machache kabla hujalipa. Namba ndogo iliyo chini ya chupa ifanane na ile ya kwenye boksi, zisipofanana, iache. Mafuta ya bergamoti, tunda la jamii ya malimau, yasiyosafishwa yanaweza kuacha madoa kwenye ngozi ikipigwa na jua, kwa hiyo jipulizie mahali panapofunikwa na nguo. Usipulizie kanzu yenyewe kama maji ya chupa yana rangi.

Na usiiweke chupa kwenye kidaka kinachopigwa na mwanga wa kiwandani, ule uwanja wa ndani ya nyumba, hata kama inapendeza pale. Joto, mwanga na hewa huharibu limau kwanza, likaanza kunuka kama tapentaini. Yangu inakaa ndani ya boksi lake, kwenye sanduku la mbao chumba cha ndani ambako kuta nene hazipitishi joto, na tarehe niliyoifungua nimeiandika kwa kalamu chini ya chupa.