Karatasi ya mtihani au mlango wa friji?

Mafunzo ya SLMTA ya usimamizi wa ubora maabara, ya kuziandaa kwa ithibati, yalijaribiwa Uganda 2008, yakazinduliwa Kigali 2009. Kuyapima, wengi hutumia mtihani wa kabla na baada. Rahisi: kalamu, nusu saa, na alama hupanda, hasa maswali yakiwa yale yale.

Ukaguzi wa maabara yenyewe kwa orodha ya SLIPTA, mpango wa WHO Afrika wa kuipa maabara nyota 0 hadi 5, ni ghali na unachosha. Lakini mkaguzi akifika kituo cha afya cha daraja la nne hufungua friji ya vitendanishi (kemikali za vipimo), kisha husoma daftari la joto. Safu za wikendi ni tupu. Au mbaya zaidi: mwezi mzima kwa wino mmoja, nyuzi 4 kila siku, hata siku umeme ulipokatika!

Mimi nachagua friji. Mtihani ubaki wa kumjua nani hakuelewa somo.