Seti ya ndege ya rimoti ya kujifunzia: inavyoruka Nakuru na nilichobadilisha

Nimeirusha seti hii miezi minne hapa Nakuru, mara zipatazo 60 za kumaliza betri, na ninaipendekeza kwa anayeanza. Lakini siipendekezi kama inavyotoka kwenye boksi. Propela yake ni ndogo kwa hewa ya huku, alama ya kusawazishia uzito imechorwa nyuma mno, na gundi ambayo maelezo yanakuambia ushikizie mota haifai kwa jua letu. Ukirekebisha hayo matatu unabaki na ndege tulivu inayovumilia mkono usiozoea.

Ni ndege ya bawa la juu, sentimita 120 kutoka ncha hadi ncha, na upana wa bawa kutoka mbele hadi nyuma ni sentimita 20. Ndani ya boksi utakuta vipande vya ubao wa foamu vilivyokwisha kukatwa, mota ya 2212 yenye KV 1000 (mizunguko kwa dakika kwa kila volti), ESC (kidhibiti cha kasi ya mota) ya ampea 30, servo nne (vimota vinavyosogeza usukani) za gramu 9, propela mbili za inchi 9 kwa 4.5 (namba ya kwanza ni kipenyo, ya pili ni mlalo wa pangu), waya za kusukumia usukani, magurudumu na karatasi ya maelezo. Nililipa Sh 9,800 pamoja na kutumiwa mzigo kwa matatu kutoka Nairobi. Betri, chaja, rimoti na risiva (kipokezi cha mawimbi ya rimoti) havimo, kwa hiyo weka kando pesa nyingine kabla ya kujiahidi kuruka wikendi.

Jambo ambalo maelezo hayagusi kabisa ni hewa. Nakuru iko takriban mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, na hewa yetu ni nyepesi kuliko ya pwani kwa karibu asilimia 17, zaidi ya hapo mchana wa joto. Bawa linahitaji hewa ili libebe. Hewa ikipungua, ndege lazima iende kasi zaidi ili ibaki juu. Ndege hii ikiwa na gramu 900, kwa hesabu yangu Mombasa ingeanza kuanguka ikishuka chini ya kilomita 27 hivi kwa saa. Hapa inaanza kwenye 29. Tofauti ya kilomita mbili inaonekana ndogo hadi siku ya kutua, pale unapopunguza nguvu ya mota kama ulivyoona kwenye video na bawa moja linadondoka ukiwa mita mbili kutoka ardhini. Tua ukiwa umeacha nguvu kidogo, uzime kabisa magurudumu yakikaribia kugusa.

Propela nayo inapoteza nguvu kwa sababu hiyo hiyo. Nilifunga mizani ya kuning'iniza, ile ya kupimia mizigo, kwenye mkia kwa kamba na kuacha ndege iivute. Kwa propela ya boksi nilipata mvuto wa gramu 590 na mkondo wa ampea 10. Kwa ya inchi 10 kwa 4.5, gramu 740 na ampea 13.5. ESC ni ya ampea 30 na mota haikupata joto la kuunguza kidole, kwa hiyo hakuna unachohatarisha. Hewa nyepesi haiizuii propela sana, ndiyo maana mota ile ile inaweza kuzungusha propela kubwa zaidi huku bila kulemewa. Kwa ile ndogo ndege inapaa, ila inapaa kwa kujikokota, na upepo ukikupiga usoni unabaki kuitazama ikining'inia pale pale.

Propela hizo za inchi 10 huuzwa kwa wenye droni, zikiwa na maandishi 1045, na huja kwa jozi: moja ya kuzunguka huku, nyingine kule. Yenye herufi R iweke kando. Upande wenye maandishi utazame mbele, ndege inakoelekea. Ukiifunga kinyume itazunguka na kupiga kelele vizuri tu, lakini mvuto utakuwa mdogo sana, na wengi hulaumu mota. Mota ikizunguka kinyume, badilishana waya mbili zozote kati ya zile tatu. Kisha angalia nafasi ya chini: kwa magurudumu ya boksi ya sentimita 5, propela kubwa inabaki na milimita tatu tu kutoka ardhini, ambayo si kitu kwenye murram. Nilitia magurudumu ya sentimita 7.5 na nafasi ikafika sentimita moja na nusu.

Kwenye kujenga, gundi ndiyo inayoharibu ndege nyingi. Gundi moto, ile ya vijiti, ni nyepesi kutumia na inatosha kwa mkia na kiwiliwili. Lakini inalainika kwenye joto. Ndege ikikaa ndani ya gari lililofungwa, hasa Kisumu saa nane mchana, kipande cha mbao kinachobeba mota kinaanza kuachia, na mota inapinda pole pole bila wewe kujua. Kipande hicho kishikize kwa Araldite, gundi ya epoksi ya kuchanganya, sehemu sawa kwa sawa, na ukiache usiku mzima. Kielekeze chini na kulia nyuzi mbili au tatu. Bila hivyo, kila ukiongeza nguvu pua inainuka na ndege inavuta kushoto. Supaglu ya kawaida usiikaribishe kwenye foamu tupu, inaila papo hapo.

Pima kila kitu kwenye mizani ya jikoni. Maelezo yanasema gramu 850 pamoja na betri, yangu ya kwanza ilitoka 940, na karibu zote za ziada zilikuwa gundi. Mstari mwembamba unatosha, ukandamize hadi ipoe.

Bawa linategemea karatasi iliyokunjwa ndani kuwa uti wake. Haitoshi. Nililaza vijiti vinne vya mishikaki kwa kila upande, nikavishika kwa gundi ya mbao, na ilinigharimu gramu 14. Bila hivyo bawa linakunjika katikati ukivuta eleveta (kibao cha mkia kinachoinua na kushusha pua) kwa nguvu baada ya kushuka kwa kasi. Waya za kusukumia zilizomo ni laini mno, zinapinda badala ya kusukuma. Spoki mbili za baiskeli kutoka kwa fundi yeyote zinafanya kazi hiyo vizuri kuliko zile.

Servo zijaribu kabla hujazibandika. Kati ya nne nilizopata, moja ilikuwa ikitetemeka ikisimama na nikairudisha. Muuzaji alinitumia nyingine bila ubishi, ingawa ilichukua siku tisa. Ziunganishe kwenye risiva, washa rimoti, ziache zijipange katikati, ndipo ufunge mkono wake wima. Ukifunga mkono kabla ya kuziwasha utajikuta upande mmoja unasogea sana na mwingine kidogo. Kwa kuanzia, aileroni (vibao vya nyuma ya bawa vinavyoinamisha ndege upande) na eleveta zisogee milimita 12 juu na 12 chini, si zaidi. ESC inakuja na waya tupu, hivyo utalehemu plagi ya betri, XT60, mwenyewe. Tumia chuma cha wati 60, kwa maana waya nene hunyonya joto, na risasi ya kulehemu ikiganda ikiwa ya kijivu isiyong'aa, rudia.

Karatasi ya foamu inachukia umande. Nyasi za asubuhi huloanisha tumbo la ndege na karatasi inabanduka baada ya wiki mbili tatu. Funika kingo zote kwa selotepu, kisha paka vanishi ya mafuta tabaka moja jembamba juu ya karatasi peke yake. Rangi ya kopo la kupuliza inayeyusha foamu ikiingia kwenye kingo.

Sasa alama ya uzito. Kwenye bawa imechapishwa sentimita 7 kutoka ukingo wa mbele, yaani asilimia 35 ya upana wa bawa. Hapo ndege ni nzito nyuma: pua inainuka yenyewe, ukiisukuma chini inashuka kupita kiasi, ukivuta inaruka juu, na mtu mgeni hana muda wa kuifuata. Ianzishe kwenye sentimita 5, yaani asilimia 25. Ishike kwa vidole viwili chini ya bawa, betri ikiwa ndani, na isogeze betri mbele mpaka pua ishuke kidogo sana. Nimejaribu hadi 5.5 na inaruka vizuri. Alama ya 7 ifute kabisa ili mwingine asije akaiamini.

Rimoti ninayotumia ni FlySky FS-i6 na risiva ya FS-iA6B. Inakula betri nne za AA na inatosha sana kwa ndege hii. Antena mbili za risiva zielekee pande tofauti, kama herufi L. Jambo la lazima: ndege ikipoteza mawasiliano, mota izime, na mpangilio huo unauweka wewe mwenyewe kwenye menyu ya rimoti. Uhakikishe hivi: toa propela, washa mota kidogo, zima rimoti. Mota isiposimama, usiende uwanjani.

Betri yangu ni LiPo (lithiamu polima) ya seli tatu, 2200 mAh. Nimeweka kengele ya dakika 8, na baada ya hapo chaja hurudisha kati ya mAh 1,250 na 1,350. Chaji kwa ampea 2.2, usiondoke karibu, na kama hutaruka kwa siku kadhaa ziache seli kwenye volti 3.8 kila moja. Iliyovimba itoe kazini.

Kuruka kwenyewe ni raha. Kuanzia saa moja hadi saa tatu asubuhi Nakuru huwa tulivu, na kwa nusu ya nguvu ndege inazunguka uwanja bila kuhangaika. Kuanzia saa tano joto linapanda, na Januari hadi Machi chamchela za vumbi hutokea ghafla uwanjani. Ukiona vumbi likijikusanya, tua. Vumbi hilo huingia kwenye mota pia, lipulize kila baada ya kutua. Mwewe huifuata ndege wakidhani ni mgeni katika eneo lao. Usipigane nao, ongeza nguvu upae, kwa kawaida huacha. Niliirusha pia Kisumu, takriban mita 1,130, na pale inapaa kwa wepesi unaosikika mkononi, ila baada ya mchana upepo wa ziwani huvuma kuelekea nchi kavu na ndege hii nyepesi haiupendi.

Kabla ya kuruka zungumza na mwenye uwanja, na uliza KCAA, mamlaka ya usafiri wa anga ya Kenya, kuhusu kanuni za mwaka 2020 za vyombo visivyo na rubani. Usipite futi 400, na kaa mbali na uwanja wa ndege wa Lanet na Mbuga ya Ziwa Nakuru.

Ukiagiza, agiza pamoja: jozi tatu za 1045, servo mbili za akiba, na ubao mmoja wa foamu wa milimita 5 kutoka duka la vifaa vya ofisi. Pua ndiyo itakayovunjika kwanza, na kwa ubao huo unaikata upya jioni moja ukitumia ile ya zamani kama kipimo.