Miezi mitano na huduma ya uuguzi wa nyumbani hapa Dodoma: uzoefu wangu

Mama yangu ana umri wa miaka 71. Mwezi Machi alipata kiharusi akiwa kijijini Mvumi, akapooza upande wa kulia na kupoteza sehemu kubwa ya usemi, na baada ya siku kumi na tisa wodini akaruhusiwa kuja kwangu Nkuhungu akiwa na mpira wa mkojo, mfuko wa dawa za presha na karatasi ya kuruhusiwa yenye mistari minne. Karatasi hiyo tulikabidhiwa saa kumi jioni, wodi ikiwa imejaa, na maelezo tuliyopewa yalikuwa mawili tu: anywe dawa kwa wakati, na arudi kliniki baada ya wiki nne. Hatukuambiwa mpira ule unabadilishwa lini, wala namna ya kumlisha mtu ambaye nusu ya mdomo wake haina hisia. Sisemi haya kuwalaumu wauguzi wa wodi, maana niliwaona kwa macho yangu wakikimbia kutoka kitanda hadi kitanda. Nayasema kwa sababu hapo ndipo familia nyingi zinapoachwa peke yao, na huduma ninayoieleza hapa ina maana tu ikiwa inaanzia hapo.

Mwanzoni tulikosea. Tulimchukua mhudumu kupitia wakala mmoja aliyetuhakikishia kwamba ni nesi, tukakubaliana shilingi 250,000 kwa mwezi, alale na ale hapohapo nyumbani. Alikuwa binti mwenye huruma, mvumilivu, na mama alimpenda. Lakini kila alipomgeuza mama aliuchukua mfuko wa mkojo na kuulaza juu ya kitanda, ubavuni kwa mgonjwa, ili usimsumbue, nasi tukamwona kuwa ni mtu makini. Wiki ya pili mama alishikwa na homa, akaanza kuchanganyikiwa na kuwaita watu waliokwisha kufariki. Tulipomrudisha hospitali tukaambiwa ana maambukizi katika njia ya mkojo, na daktari aliyempokea akatueleza kwamba mfuko ule sharti uning'inie chini ya usawa wa kibofu muda wote, na usiguse sakafu, kwa sababu ukipandishwa juu mkojo wa zamani unarudi ndani pamoja na vijidudu vyake. Nilimpigia wakala kumuuliza leseni ya yule binti. Hakuwa nayo. Binti mwenyewe alilia, akasema hakuwahi kumdanganya mtu, kwamba yeye aliomba kazi ya kuwaangalia wazee. Nilimwamini, na baadaye nitaeleza kwa nini hatukumwondoa.

Huduma ya pili tuliipata kwa jirani ambaye mume wake aliwahi kuhudumiwa nayo. Ni kikundi kidogo cha wauguzi, kinachoongozwa na muuguzi mstaafu, na ziara ya kwanza, wanayoiita ya tathmini, ilitugharimu shilingi 40,000. Sista aliyekuja alikaa karibu saa mbili. Kabla hajavua viatu alinionyesha leseni yake ya Baraza la Uuguzi na Ukunga Tanzania bila mimi kuiomba, kisha akainama karibu na mto na kumwamkia mama kwa Kigogo: "Mbukwenyi, mama." Midomo ya mama ilicheza. Sauti haikutoka, lakini tulikuwa na majuma hatujamwona akijaribu kumjibu mtu.

Kisha akaomba dawa zote zilizomo ndani ya nyumba, za hospitali na za zamani, zipangwe juu ya meza. Nilidhani anataka kuhesabu vidonge. Alisoma kila boksi, akatenga maboksi mawili yenye rangi na majina tofauti, akanionyesha kwa ncha ya kalamu maandishi madogo yaliyo chini ya jina kubwa: yote mawili yalikuwa amlodipini, dawa ya kushusha presha. Moja lilitoka hospitalini, jingine mama alikuja nalo kutoka kijijini, nasi tulikuwa tunampa yote mawili kila asubuhi tukiamini ni dawa mbili. Alipompima, presha ilikuwa 98 kwa 60, yaani imeshuka mno. Alimpigia simu daktari wa kliniki palepale, tukapewa maelekezo ya kubaki na boksi moja, na kizunguzungu ambacho tulikuwa tunakihesabu kuwa sehemu ya ugonjwa kikaisha ndani ya siku chache. Kwangu mimi ziara ile ililipa gharama yake kwa jambo hilo moja.

Jambo lililonishangaza zaidi lilihusu chakula. Sisi tulikuwa tunampa mama chai na maji kwa wingi tukiamini kwamba vitu vyepesi ndivyo rahisi kumeza, na kila alipopaliwa tulimpigapiga mgongoni na kuendelea. Sista alieleza kwamba kwa mtu aliyepooza koo, maji ndiyo magumu kuliko vyote, kwa kuwa yanakimbia kabla misuli haijajiandaa na kuingia njia ya hewa, na kutoka hapo huja homa ya mapafu. Aliagiza uji wa uwele uwe mzito kiasi cha kushuka polepole kutoka kwenye kijiko kilichoinamishwa. Alimkalisha mama wima kwa mito, akamwinamisha kidevu kidogo kuelekea kifuani, akaweka nusu kijiko upande wa kushoto, ule wenye hisia, akasubiri akitazama koo lipande na kushuka, kisha akasubiri ameze mara ya pili kabla ya kuchota tena. Mwisho alipitisha kidole chenye glovu ndani ya shavu la kulia na kutoa bonge la uji ambalo mama hakujua kwamba bado lipo. Bakuli moja lilichukua dakika arobaini, na baada ya hapo hakumlaza. Alimwacha ameketi nusu saa nyingine. Dada yangu, ambaye ndiye aliyekuwa akimlisha siku zote, aliomba afundishwe tena mlo wa jioni, na Sista alimsimamia mpaka mkono wake ukazoea mwendo ule.

Kisigino cha kulia kilikuwa na wekundu ambao yule binti alikuwa akiusugua kila usiku kwa mafuta ya alizeti ya moto, kama tunavyofanya wengi wetu kwa ngozi iliyochoka, hasa hapa Dodoma ambako upepo wa kiangazi unaikausha ngozi hadi ipasuke. Sista alibonyeza wekundu ule kwa kidole, akakiondoa, akatuonyesha kwamba haukugeuka kuwa mweupe hata kidogo; hiyo, alisema, ni hatua ya kwanza ya kidonda cha mgandamizo, nyama ya ndani imeanza kukosa damu, na kuisugua ni kuiumiza zaidi. Alizuia kusugua. Aliweka mto chini ya mashavu ya miguu ili visigino vielee hewani bila kugusa kitu, akaweka ratiba ya kumgeuza kila baada ya saa mbili, na akatukataza kumvuta juu ya shuka: anyanyuliwe na watu wawili kwa kutumia kitambaa kilichokunjwa chini yake. Siku ya kumi wekundu ulikuwa umekwisha. Niliona wodini vidonda vilivyoanzia hivyohivyo kufikia mfupa, ndiyo maana nalisema hili kwa msisitizo.

Wiki ina saa 168. Sista alikuwa kwetu kwa jumla ya saa tatu tu: Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, kwa shilingi 30,000 kila ziara, na mtaalamu wa mazoezi tiba alikuja Jumamosi kwa bei hiyohiyo. Saa nyingine zote mama yuko mikononi mwetu, na nimekuja kuamini kwamba thamani ya huduma hii inapimwa kwa kile familia inachoweza kufanya muuguzi akishaondoka. Kikundi hiki kilielewa hivyo tangu mwanzo. Waliacha daftari kando ya kitanda ambamo kila aliyemhudumia mama, awe Sista, dada yangu, mimi au yule binti, aliandika saa, presha, kiasi cha mkojo, upande aliolazwa na alichokula. Yule binti waliomba abaki. Walimfundisha kwa mwezi mzima, wakamwekea mipaka wazi kwamba mpira na vidonda si kazi yake, na leo ndiye mtu anayemgeuza mama vizuri kuliko sote. Mtaalamu wa mazoezi naye alitufundisha kuweka kiti upande wa kushoto wa mama anapohamishwa, na kutomvuta mkono wa kulia kamwe, kwa kuwa bega lililolegea huteguka kirahisi. Hilo lilitulazimu kuwaomba wageni, wazee waliotoka Mvumi kuja kumpa pole, wamsalimie kwa mkono wa kushoto. Walielewa, ingawa kwa mila ilikuwa vigumu.

Kuna mambo yaliyonikera. Mara mbili walimtuma muuguzi mwingine bila kutuarifu, na mama, ambaye hawezi kuuliza huyu ni nani, alikataa kuguswa. Mwezi Juni mpira uliziba saa saba usiku, nikapiga namba waliyotupa ya dharura ikaita bila kupokelewa, tukampakia mama kwenye bajaji kwa baridi ile hadi hospitali. Waliomba radhi, na sasa kuna namba mbili, lakini bei ya kuitwa usiku bado hawajaiandika popote. Bima ya mama haikulipia ziara hata moja. Dawa na vipimo vya kliniki ndivyo tu vilivyolipiwa. Kwa miezi mitano tumetumia fedha ambazo familia yenye mshahara mmoja haiwezi kuzibeba, nasi tuliweza kwa sababu ndugu wanne tuligawana.

Kwa asiyeweza kulipa, namshauri aanze na mhudumu wa afya ngazi ya jamii wa mtaani kwake, ambaye haji kwa malipo. Wa kwetu alifika baada ya mwenyekiti wa mtaa kumpa taarifa. Habadilishi mpira, lakini alimpima mama presha, alifuatilia tarehe za kliniki, na ndiye aliyembana kaka yangu hadi naye akapimwa na kukutwa ana presha ya kupanda bila dalili yoyote. Anayeweza kulipa aombe leseni ya muuguzi na kuisoma jina na tarehe, adai mpango wa huduma ulioandikwa, aulize nani atakuja siku muuguzi wake akiumwa na usiku anamwita nani. Aulize pia wako tayari kumfundisha nani ndani ya nyumba. Wakijibu kwamba familia isijisumbue, wao watafanya kila kitu, mimi ningetafuta wengine.

Mpira wa mkojo ulitolewa mwezi Julai baada ya kliniki kuridhia, na Sista sasa anakuja mara moja kwa wiki mbili. Mama anameza ugali laini wa mtama na mlenda, anakaa barazani asubuhi jua likiwa bado pole, na maneno yake yamefika kama ishirini. Ijumaa iliyopita, Sista alipofungua geti, mama ndiye aliyetangulia kusalimu.