Methadone kwa mwanamke aliye mahabusu: tathmini ya huduma ya Pwani

Kazi yangu ya usaidizi wa kisheria Pwani ya Kenya imenifikisha mara nyingi kwenye madirisha ya kliniki za methadone, dawa inayotolewa badala ya heroini, kwa kuwa baadhi ya wanawake ninaowafuatilia mahakamani hukamatwa wakiwa katikati ya matibabu ya uraibu wa heroini. Tathmini hii ni kwa ajili ya ndugu anayetaka kujua kama huduma hiyo inafaa, na itamsaidia nani pindi mgonjwa wake atakapokuwa nyuma ya nondo.

Dawa yenyewe naipa alama za juu. Kenya ilianza kuitoa mwishoni mwa 2014 katika Hospitali ya Mathari, Nairobi, na Malindi ikafuata mwaka 2015. Haitozwi malipo, na dozi moja humtuliza mtu kwa takriban siku nzima, hivyo hana sababu ya kukimbilia maskani ya watumiaji kutafuta unga, yaani heroini, kila baada ya saa chache. Utaratibu wa dirishani ni wa makini: mteja hutambuliwa, hupimiwa dawa ya maji, huinywa papo hapo, kisha mhudumu humsemesha kidogo, maana mwenye dawa mdomoni hawezi kuitika salamu vizuri. Wahudumu niliokutana nao huwaita wateja wao dada na mama; neno teja, la kumdharau mraibu, sijalisikia pale, ingawa nje ya lango lasikika kila siku.

Tatizo huanza kwenye seli ya polisi. Katiba inataka mshukiwa afikishwe mahakamani ndani ya saa 24, lakini saa hizo zikiishia siku isiyo ya kazi, husubiri siku ya mahakama inayofuata. Mwanamke aliyekamatwa Ijumaa jioni hukosa dozi ya Jumamosi na ya Jumapili, na Jumatatu husimama mbele ya hakimu akitokwa jasho, mifupa ikimuuma na tumbo likimwendesha. Katika kituo kimoja nilimwambia askari wa zamu, "Afande, huyu dada yuko kwenye dawa ya hospitali." Akanijibu, "Dawa ya mateja hiyo, arosto itamfunza," yaani mateso ya kukosa dawa. Hakuwa mkali hata kidogo, aliamini anampa ushauri mwema. Hasara haiishii kwenye maumivu, kwani aliyekosa dozi kwa siku kadhaa huwa mwili wake umepoteza ustahimilivu wa dawa, na hawezi kurudishiwa kipimo chake cha awali kwa mkupuo bila kuhatarisha maisha. Kwa mjamzito, kukatishwa dawa ghafla kunaweza kuihatarisha mimba.

Afya ya akili ndiyo sehemu dhaifu kuliko zote, na hapa siwezi kuwa mpole. Mwanamke mwenye uraibu na sonona hujikuta na faili mbili katika majengo mawili, na daktari wa huku hajui ameandika nini yule wa kule. Karbamazepini, dawa inayotumiwa kwa kifafa na pia kutuliza hisia zinazopanda na kushuka kupita kiasi, hupunguza methadone mwilini. Aliyeandikiwa dawa hiyo bila kliniki kuarifiwa hupata arosto akiwa amekunywa dozi yake kamili, na jamaa wote huamini kwamba amerudia unga. Vidonge vya kulevya viitwavyo bugizi navyo, ambavyo wengi huvitumia ili wapate usingizi, vikichanganywa na methadone vinaweza kuzima pumzi. Hilo linapaswa kuulizwa siku ya kwanza ya mahabusu, lakini wanawake niliowahoji waliniambia waliulizwa jina, kosa na kama wana mtoto mchanga.

Uzito wa suala hili unajulikana. Utafiti uliochapishwa mwaka 2009 kuhusu jela za mahabusu katika majimbo ya Maryland na New York, Marekani, ulikuta ugonjwa mkali wa akili kwa asilimia 31 ya wanawake, dhidi ya asilimia 14.5 ya wanaume. Kanuni za Bangkok za Umoja wa Mataifa, zilizopitishwa mwaka 2010, zinataka mwanamke anayepokewa gerezani apimwe afya ya akili na uraibu kwa pamoja. Kenya yenyewe, hadi Mahakama Kuu ilipotamka Januari 2025 kwamba kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kinakiuka Katiba, mwanamke aliyejaribu kujiua angeweza kushtakiwa badala ya kulazwa.

Hata hivyo, huduma kufika ndani ya kuta si ndoto: gereza la Shimo la Tewa, Mombasa, lina kliniki yake ya methadone. Ningependa kila kituo cha polisi cha Pwani kiwe na namba ya simu ya kliniki iliyo karibu, jambo lisilohitaji bajeti.

Kwa sasa naipendekeza huduma hii kwa sharti kwamba familia isiketi kungoja. Wekeni nyumbani nakala ya kadi ya kliniki na majina ya dawa zote anazotumia, za akili zikiwemo. Akikamatwa, pigieni kliniki simu siku hiyo hiyo ili ithibitishe kipimo chake, kisha mwombeni wakili au msaidizi wa kisheria amweleze hakimu mapema, kabla suala la dhamana halijafikiwa. Akiachiliwa, apelekwe kliniki moja kwa moja asubuhi inayofuata, kwa kuwa wiki za kwanza baada ya kutoka ndizo zenye hatari kubwa zaidi ya kuzidisha unga na kufa.