Wosia wangu umeandikwa mara tatu: sampo ya bure, wakili wa laki moja, na wakili wa laki tatu

Mi nina duka la spea za bajaji, miaka 46, Dar niko tangu 1998. Nina nyumba Kimara, kiwanja Kibaha, bajaji mbili zinazotembea na moja iliyokufa, na hisa kidogo SACCOS. Nayataja mapema ili mjue mimi sio tajiri, maana kila ninayemwambia nimeandika wosia anaanza kucheka, una nini wewe cha kuusia, au anakunja sura anasema unajichulia.

Kilichonisukuma ni jirani yangu wa fremu ya pili. Alifariki ghafla, hakuacha hata karatasi. Kikao cha ukoo kikakaa mara tatu kugombania nani awe msimamizi wa mirathi, mara muhtasari baba mdogo hajasaini, mara Mahakama ya Mwanzo kumeingia pingamizi la kijana anayesema na yeye ni mtoto wa marehemu (na kweli ni mtoto, sura tu ilikua inatosha), na muda wote huo duka limefungwa, mjane anashinda mahakamani, mwenye fremu anadai kodi yake kama kawaida. Niliangalia ile kufuli mwaka mzima. Na mimi nina binti wa miaka 15 niliyempata kabla sijaoa, yuko Morogoro na mama yake. Mke wangu anamjua vizuri tu, ila ukoo unamjua nusunusu. Nikaona hapa mimi ndo nafuata.

Jaribio la kwanza nilijiandikia mwenyewe. Kuna sampo zinazunguka kwenye magrupu ya WhatsApp, nikachukua moja, nikajaza, nikaprinti steshenari kwa buku. Mke wangu akasaini kama shahidi, na dereva wangu wa bajaji akasaini. Nikalala usingizi mzuri kama wiki mbili hivi. Makosa yaliyokuwa kwenye ile karatasi nilikuja kuambiwa baadae na ntayasema, ila kwa wakati ule nilijiona mjanja sana.

Jaribio la pili ni rafiki yangu aliniambia bila muhuri wa wakili hiyo ni karatasi ya kufungia maandazi, akanipeleka kwa wakili wake ghorofani huko Kariakoo. Laki moja, kesho yake njoo uchukue. Nilishangaa hakuniuliza chochote zaidi ya majina na orodha ya mali, nikasema huyu mzoefu. Kesho nikapewa kurasa nne za Kingereza, zimegongwa muhuri, zinapendeza kweli. Kingereza changu ni cha kusoma maboksi ya spea, kwahiyo nikampa binti wa kaka yangu anayesoma chuo anitafsirie. Akafika ukurasa wa pili akaanza kucheka. Baba mdogo, mbona humu wameandika Sheria ya Mirathi Sura ya 160, hii si ya Kenya? Huku kwetu usimamizi wa mirathi ni Sura ya 352. Nikamwambia endelea. Ukurasa wa tatu nimemuachia mwanangu shamba la ekari nne Kiambu. Kiambu! Mi mwisho wangu kwa upande ule ni Namanga, na hata pale sikuvuka.

Nilirudi, akasema ni kosa la sekretari, atarekebisha, leta elfu thelathini. Sikuleta. Na nisisitize yule ni wakili halali kabisa, niliangalia jina lake kwenye mfumo wa e-Wakili wa Mahakama, yupo, leseni iko hai. Kwahiyo msidanganyane kwamba ukishamuona mle kazi imeisha, ule mfumo unakuonyesha huyu sio kishoka basi, kama anasoma anachogonga muhuri au hasomi hiyo utaijua mwenyewe. Angalieni tu, ni bure.

Sasa wa tatu. Ni dada mmoja nilielekezwa na mwenyekiti wa SACCOS yetu. Alisema laki tatu na nusu, tukashushana hadi laki tatu kwa mafungu mawili. Siku ya kwanza hakuandika kitu, saa moja na nusu ananihoji tu. Umefunga ndoa wapi? KKKT. Kwenu wapi? Rombo. Una kihamba, yaani shamba la ukoo la migomba? Nikasema ndio, akauliza ni chako au cha baba, nikasema cha baba, baba yupo hai? Yupo, ana miaka 84 na bado anapalilia migomba. Akasema basi kaka hicho kitoe, huwezi kugawa kihamba cha mzee wakati mwenyewe anapalilia. Nikaona aibu kidogo maana kwenye sampo yangu nilikua nimeshamgawia mwanangu wa mwisho.

Akaja kwenye nyumba. Nyumba ile nimejenga na mke wangu, hela yake ya mgahawa iko kwenye bati na kwenye vigae vyote, ila mimi niliandika "nyumba yangu". Akaniuliza yako yote? Tukaandika sehemu yangu ya nyumba, ya mwenzangu ni yake siwezi kuigusa.

Na SACCOS akaniambia nenda kaangalie fomu uliyojaza siku unajiunga, mrithi umemuandika nani. Nikaenda. Nilimuandika marehemu mama yangu, mwaka 2011. Nilikaa pale dirishani nikaangalia mwandiko wangu nikashindwa kuongea.

Kilichonikuna zaidi ni habari ya mashahidi. Ukisoma soma mitandaoni utakuta mmoja anasema mke lazima asaini wosia, mwingine anasema mke asisaini kabisa atapoteza haki yake, na wote wanabishana kwa mapovu. Dada wakili akacheka akasema wote wako sahihi, tatizo kila mmoja anaongelea sheria yake. Huku Bara kuna sheria za mila zilizotangazwa 1963, Tangazo la Serikali namba 436, zile zinataka ukiwa unajua kusoma na kuandika mashahidi wasipungue wawili, mmoja wa ukoo na mmoja asiye wa ukoo, kama hujui kusoma wawe wanne, na mke au wake waliopo nyumbani nao washuhudie. Halafu kuna sheria ya India ya mwaka 1865, ndio, ya India, ya enzi za wakoloni, inatumika hadi leo kwa watu ambao mirathi yao haiendi kimila wala Kiislamu, na ile inasema shahidi ukimuachia kitu ndani ya wosia, kile kitu hapati, na hata mke au mume wa shahidi hapati. Kwahiyo sampo yangu ya WhatsApp, mke wangu alivyosaini pale, kuna uwezekano nilikua namnyang'anya nyumba huku nikiamini namlinda.

Sasa mimi niko upande gani? Hapo ndo maswali ya ndoa na Rombo yalikotokea. Mahakama huwa inaangalia mtu aliishi vipi na alikusudia nini, sio kabila lake tu. Mtu unaweza ukawa Mchaga na maisha yako yote yako nje ya mila, ila shangazi mmoja akisimama akisema huyu alikua anakuja kuchinja kila Desemba basi mjadala unaanza. Dada akaandika kabisa kwamba sitaki mirathi yangu iende kimila, na akaweka mashahidi wanne, wawili ndugu wawili baki, wote hawapati hata sahani. Mke wangu siku hiyo alikaa nje kwenye benchi. Mashahidi hawakusoma kilichomo, waliniona nasaini na wao wakasaini hapohapo wote wakiwepo, imetosha. Jirani yangu Muislamu nilivyomsimulia akasema kwao ni tofauti tena, wasia hauvuki theluthi moja ya mali na warithi hawausiwi, wao wana mafungu yao tayari. Kwahiyo ndugu yangu sampo moja ya watu wote haipo.

Ila kilichonitesa ni kiwanja. Nilinunua 2014, siku ya malipo mimi nilikua Tunduma nahangaika na mzigo, kaka yangu mkubwa akaenda kunisimamia kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa, na karatasi ya mauziano ikaandikwa jina lake. Hela yangu, jina lake. Miaka yote sikuona shida, ni kaka yangu bwana. Dada wakili akasema siandiki wosia mpaka hilo liishe, karatasi inasema kiwanja ni cha kaka yako, wewe unausia nini?

Nikaenda Mbagala Jumapili baada ya ibada. Nikaeleza. Kaka akaniangalia akasema, "Kwani unaumwa?" Nikasema hapana. Kimya. Halafu akasema, "Kwahiyo unaniogopa mimi." Chai ikapoa pale. Nilirudi nyumbani mikono mitupu, wiki mbili simu zangu anapokea kwa mkato. Aliyeniokoa ni shemeji. Alimwambia mbele yangu, "Baba nanihii, msainie mwenzako, wewe humdhulumu najua, lakini ukifa wewe kesho hawa wanao ndio watakaomfukuza na panga." Akasaini. Tukaenda wote Kibaha kwa mwenyekiti mpya tukaandikishana upya na majirani wa kiwanja wakawa mashahidi. Mpaka leo utani wetu na kaka haujarudi asilimia mia, sitadanganya, hiyo gharama hamna wakili anaiandika kwenye risiti.

Baada ya hapo wosia wenyewe ulichukua kama dakika arobaini. Kiswahili, kurasa mbili na nusu. Watoto wote watatu kwa majina kamili kama yalivyo kwenye vyeti vya kuzaliwa, sio "watoto wangu" kama nilivyoandika mwanzo, maana hilo neno ukoo ungelitafsiri wanavyotaka na binti wa Morogoro angebaki mlangoni. Aliniambia Sheria ya Mtoto ya 2009 nayo haitaki mtoto anyimwe mali ya mzazi wake, ila ukimtaja jina unampunguzia kesi. Mlezi wa wale wadogo nimemuweka dada yangu. Msimamizi mke wangu, akishindwa dada yangu. Na kuna mstari unaofuta wosia wowote wa nyuma, halafu akaniambia ile ya WhatsApp na ile ya Kiambu nizichane mwenyewe mbele yake. Ya Kiambu nimebaki na picha kwenye simu.

Watu wengi wanadhani ukiwa na wosia familia haiendi mahakamani. Inaenda. Uliyemtaja kama msimamizi lazima apeleke maombi mahakamani athibitishwe, ila kile kikao cha kugombania nani asimamie kinakua hakina kazi.

Mabaya ya huyu dada nayo niyaseme. Simu hapokei, unamtumia ujumbe Jumatatu unajibiwa Alhamisi. Jina la mwanangu wa pili alikosea herufi tukaprinti upya, bora niliona. Na mashahidi wanne nauli, soda na chakula ni juu yako, mi ilinitoka elfu sitini ambayo sikuipangia.

Nakala halisi nimeiweka RITA, yule wakala wa serikali wa usajili, ufilisi na udhamini, ukilipia kwa kontro namba unapewa risiti, na mke wangu anajua risiti ilipo. Na RITA wenyewe wanaandika wosia, sio kuhifadhi tu. Kwahiyo kama una mke mmoja, watoto wanaojulikana, nyumba yenye jina lako, mi naona nenda kule tu, usimpe wakili laki tatu. Kama huna hela kabisa mashirika kama TAWLA na LHRC wanatoa msaada wa kisheria bure kwa wasiojiweza. Ila kama una mtoto wa nje, kiwanja kwa jina la mtu, shamba la ukoo, wake wawili, biashara ya ubia, hapo tafuta wakili, na ukiona hakuulizi maswali yanayokukera hamisha hela yako.

Nyota nampa nne kati ya tano, ya tano imeishia kwenye simu zisizopokelewa. Nitamtumia tena, sio mimi hasa, ni mke wangu, juzi kanambia na yeye anataka wa kwake, sehemu yake ya nyumba na mgahawa, kashampigia na kapewa miadi Jumanne. Nikamuuliza mimi umenipangia nini humo, akasema wewe utakaa kwenye benchi.