Kipunji au maji ya Usangu: fedha za utafiti ziende wapi kwanza?

Tuseme COSTECH, Tume ya Sayansi na Teknolojia ya Tanzania, wana fungu moja tu la Nyanda za Juu Kusini. Walipeleke msituni Rungwe, au bondeni Usangu?

Msitu una hoja nzito. Kipunji, nyani ambaye wawindaji wa Rungwe walikuwa wakimtaja siku zote, alitangazwa kwa wanasayansi mwaka 2005 tu. Mwaka uliofuata akapewa jenasi yake mwenyewe. Kama mnyama mkubwa hivyo alijificha muda wote huo, vyura na wadudu je? Pale kwenye uwanda wa Kitulo nako mizizi ya maua ya okidi huchimbwa na kuvushwa hadi Zambia kutengenezea chakula kiitwacho chikanda. Huwezi kulinda ua usilojua idadi yake.

Usangu hakuna sura ya kupendeza kwenye kalenda. Lakini tangu 1993 mto Ruaha Mkuu, unaopita humo, umekuwa ukikauka kiangazi, na mto huo ndio unaolisha mabwawa ya umeme ya Mtera (megawati 80) na Kidatu (megawati 204). Mkulima wa mpunga Mbarali humlaumu mfugaji, mfugaji humlaumu mkulima, wote hulaumu hifadhi. Anayepima mifereji inachota kiasi gani mwezi wa Oktoba, siku kwa siku, ni nadra kumwona.

Mimi ningeanza na maji, miaka mitano mfululizo bila kukatisha. Ila kwa sharti: vijito vipimwe kuanzia vinakochimbukia milimani, na huko juu mtaalamu wa vyura apande gari lilelile.